Mhusika Hayupo

Nina kesi na Mfaransa mmoja, Michel Foucault. Najua mshtakiwa alifia Paris mwezi Juni 1984 na wito wa mahakama hautamfikia, lakini mtaani kwetu kuna kesi za viwanja zinazoendelea vizuri tu ilhali mlalamikaji, mlalamikiwa na mzee wa baraza wote wameshazikwa. Sioni kwa nini yangu ikwame.

Shtaka lenyewe ni hili: amenipokonya mtu wa kumlaumu.

Mimi kazi yangu ni kulalamika. Ndiyo inayonipa nafasi kwenye ukurasa huu, ndiyo inayonipa kiti pale kijiweni kwenye kahawa, na mke wangu husema ndiyo iliyonikinga na presha, maana nimeigawa kwa watu wengine. Sasa mlalamikaji hawezi kufanya kazi peke yake. Mshairi anaweza; anajifungia ndani, anatoka na beti zake. Mlalamikaji anahitaji mlalamikiwa. Anahitaji waziri, mkurugenzi, mwenye nyumba, konda, shemeji, mtu mwenye jina na kitambi, ambaye ukimtaja tu wenzako wanashusha vikombe na kusema, "Yule bwana, kwa kweli!" Foucault amekuja kuniambia kwamba mtu huyo, kwa maana ninayoitaka mimi, hayupo.

Kitabu kililetwa nyumbani na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma sosholojia chuo kikuu. Alikuja likizo na begi dogo la nguo na kubwa la vitabu, akala, akalala, na siku ya kuondoka akaniachia kimoja mezani. "Mjomba, wewe unaisema sana serikali. Soma hiki, uone kinachokusumbua ni nini hasa." Nilikipokea kwa moyo mweupe. Kwa Kifaransa kinaitwa Surveiller et punir, kilitoka mwaka 1975, na tafsiri ya Kiingereza, ndiyo niliyoachiwa, ikafuata 1977. Kinahusu jinsi gereza la kisasa lilivyozaliwa. Nikasema hapa nimefika: magereza, askari, adhabu, haya nayajua.

Nikakifungua asubuhi, chai na chapati zikiwa mezani. Kitabu cha falsafa, ukurasa wa kwanza, unategemea ukute nini? Shukrani kwa mke. Swali kuhusu maana ya maisha. Foucault anaanza na mtu anayechunwa nyama kwa koleo hadharani. Huyo ni Robert-François Damiens, aliyemchoma kisu Mfalme Louis wa 15 mwezi Januari 1757. Jeraha lilikuwa dogo na mfalme alipona, lakini tarehe 28 Machi mwaka huohuo Damiens alipelekwa uwanjani katikati ya Paris, akamwagiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na mafuta ya moto, kisha akafungwa kwenye farasi wanne ili kila mmoja avute kwake mpaka mtu akatike. Farasi wakashindwa. Wakaongezwa wawili. Wakashindwa tena, ikabidi wenye visu wawasaidie. Mke wangu akauliza mbona chapati imekaa mkononi muda wote huo. Nikamsomea aya moja. Tangu hapo kitabu hakiruhusiwi mezani wakati wa chakula, na ningependa Foucault ajue kwamba hayo ndiyo mamlaka ninayoyaelewa: yametamkwa, yamesikika, na aliyeyatamka namjua.

Ukiivumilia hiyo damu, kurasa chache mbele anakuwekea ratiba. Ni kanuni alizoandika Léon Faucher, miaka kama 80 baada ya Damiens, kwa ajili ya nyumba ya wafungwa vijana mjini Paris. Waamke saa 12 asubuhi wakati wa baridi, saa 11 wakati wa joto. Ngoma ya kwanza ikilia, wavae bila kusema neno. Ya pili, watandike. Ya tatu, wajipange waende kusali. Kazi saa tisa kwa siku. Hakuna farasi wala koleo. Wengi tungesema hapo ndipo binadamu alipostaarabika. Foucault hakubali upesi hivyo. Anasema zamani mfalme aliuvunja mwili wa mtu mbele ya umati ili kila mmoja aone nani mkubwa. Siku hizi mwili hauvunjwi, unafundishwa kidogo kidogo, kwa kengele, mistari, ukaguzi na mitihani, mpaka mwenyewe anaamka kabla ya ngoma. Na mafunzo hayo hayakubaki gerezani. Yamo kambini, kiwandani, hospitalini, shuleni.

Shuleni ndipo aliponikamata. Shule ya bweni niliyosoma ilikuwa na ringi ya lori imetundikwa mwembeni, na kiranja wa zamu aliigonga kwa nondo saa 11 alfajiri. Mlio wa kwanza unaamka. Wa pili umeshatandika. Wa tatu uko mstarini tayari kwa mchakamchaka, mnaimba kwa sauti kubwa kuwalaani mabeberu ambao, naona sasa, ndio waliotuachia ratiba. Kisha kucha zinakaguliwa, kisha nywele, kisha kola. Lakini kilele cha elimu yetu kilikuwa orodha ya wapiga kelele.

Kwa msomaji aliyesoma shule za kimataifa, nieleze. Mwalimu akitoka darasani, kiranja anachana karatasi katikati ya daftari na kuandika jina la kila anayeongea. Ukirudia, mbele ya jina lako panaongezwa "x2". Ukizidi, "x3". Kuna waliofikia "x7 na kucheka". Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa, na kila alama ina fimbo yake. Hayo ni ya kawaida. Kiranja wetu wa kidato cha pili alikuwa na akili zaidi: alikaa dawati la nyuma kabisa. Ukitaka kujua kama anakuandika, ugeuke, na kugeuka nako ni kosa. Kwa hiyo tulikaa kimya tukitazama ubao usio na kitu, na nyuma yetu tunasikia kalamu inakwaruza. Siku moja alipoitwa ofisini tuliivamia karatasi. Alikuwa amechora meli.

Foucault hakumjua kiranja wetu, ikabidi amtumie Jeremy Bentham. Huyu alikuwa Mwingereza, mwanasheria kwa kusomea na msumbufu kwa kuzaliwa. Mwaka 1787, akiwa Urusi alikokwenda kumtembelea mdogo wake Samuel, aliandika barua za kueleza jengo ambalo Samuel alilifikiria kwa ajili ya kusimamia wafanyakazi. Jengo la mviringo, vyumba pembeni, mnara katikati. Aliye mnarani anawaona wote. Walio vyumbani hawamwoni yeye, wanauona mnara tu. Hawajui kama sasa hivi anawatazama au ameenda msalani, basi wanajiheshimu saa zote. Bentham aliliita Panopticon. Foucault anasema hii ndiyo sura ya dunia yetu: mtu akishajua anaweza kuonekana, anajilinda mwenyewe, gharama zinapungua. Kurasa hizo zinasomeka, tena zinasomeka kwa raha. Nilimsomea jirani yangu aliyefunga kamera za usalama getini, zile za dukani, za plastiki, zisizorekodi kitu. Akaniuliza nani amenieleza siri yake.

Ila kuna jambo ambalo Foucault alilipita mbio, nami naona ndilo tamu kuliko yote: kilichompata Bentham baada ya kuchora. Bentham alitaka jela hiyo ijengwe na yeye mwenyewe aiendeshe. Akaenda serikalini. Miaka kama 20 alikuwa njiani, anatoka ofisi hii anaingia ile. Bunge likapitisha sheria mwaka 1794. Eneo la kwanza wakubwa wa jirani wakakataa. Mengine yakawa na maneno. Mwishowe eneo la Millbank, kando ya mto Thames, likanunuliwa mwaka 1799. Kisha mawaziri wakabadilika, idhini iliyobaki haikutoka, barua zikajibiwa kwa barua. Mwaka 1813 wakamlipa fidia ya pauni 23,000 aende zake. Hapohapo Millbank ikajengwa jela nyingine, kwa mchoro mwingine, ikafunguliwa 1816. Mtu aliyeupigania mnara wa kuona kila kitu alimaliza miaka yake akisubiri nje ya milango asiyoweza kuona ndani yake.

Na Bentham alifanya nini? Alikaa akatafakari kwamba mamlaka ni mtandao usio na kitovu? Thubutu! Alimlaumu Mfalme George wa Tatu, kwa jina, na uzeeni akaandika simulizi nzima ya vita kati yake na mfalme huyo. Hapo nikampenda kabisa. Huyo ndiye mwenzangu. Alikufa mwaka 1832 na kuagiza mwili wake uhifadhiwe, na mpaka leo amekaa ndani ya kioo pale University College London, mifupa yake imevikwa nguo zake mwenyewe na kichwa cha nta. Nadhani bado anasubiri jibu la barua.

Baada ya Bentham nikaingia porini. Sijui kwa nini mtu anayeweza kuelezea farasi sita vizuri namna ile anashindwa kumaliza sentensi kuhusu mamlaka. Unaianza umekaa, unaimaliza umelala. Kitenzi kinakuja baada ya wewe kusahau nani alikuwa anatenda. Mke wangu alikuta nimeshika penseli, nimepiga mstari chini ya kila neno katika ukurasa mmoja, akaniuliza kama umebaki mmoja ambao si muhimu.

Mwanafalsafa John Searle wa Marekani aliwahi kusimulia kwamba alimuuliza Foucault kwa nini akizungumza anaeleweka na akiandika haeleweki. Kwa simulizi hiyo, Foucault alijibu kwamba Ufaransa, kama asilimia 10 ya kitabu chako haieleweki, wasomaji watadhani hakina kina. Searle akasema alimpelekea habari hiyo Pierre Bourdieu, msomi mwingine mkubwa wa mambo ya tabaka na jamii, naye akasema 10 ni kidogo, ni kama 20. Kama ni kweli, basi wenzetu wanaongeza giza kwa kipimo. Mimi nilipita shule ambako mtu akiandika kisichoeleweka alirudishiwa daftari.

Waliobaki hawana nafuu. Mwaka 1998 jarida moja la Marekani, Philosophy and Literature, lililokuwa na mashindano ya uandishi mbaya, lilimpa ushindi Judith Butler, mmoja wa wasomi wanaotajwa sana duniani, kwa sentensi moja ya maneno 94. Nimeyahesabu kwa kidole. Sentensi inahusu mamlaka, na neno la mwisho ndilo hilo mamlaka, kwa hiyo ukifika mwisho angalau unajua ulikuwa wapi. Butler hakukubali yaishe. Mwaka uliofuata alijibu gazetini kwamba lugha nyepesi mara nyingi ndiyo inayobeba mazoea ambayo hatuyahoji, na ukitaka kuyahoji lugha itakuwa nzito. Jibu lenyewe aliliandika kwa lugha nyepesi kabisa. Hilo sijamsamehe.

Na tusiseme ni maradhi ya Wazungu. Euphrase Kezilahabi alituandikia riwaya ya Nagona mwaka 1990 na ya Mzingile mwaka 1991, na nawajua walimu wa Kiswahili ambao wakizifikia wanaumwa ghafla. Lakini zile angalau ni nyembamba. Mtu unapotea ndani yake ukijua mlango hauko mbali.

Nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Huyu mtu wako anasema hakuna mwenye mamlaka."

"Hakusema hivyo. Anasema mamlaka si kitu ambacho huyu amekishika na yule amekikosa. Yanapita kati ya watu. Mwalimu na mwanafunzi, daktari na mgonjwa, mume na mke..."

"Mume na mke paache."

"Kwenye kitabu kilichofuata, cha 1976, amesema wazi kwamba mamlaka yapo kila mahali, kwa sababu yanatoka kila mahali. Na palipo na mamlaka pana ukaidi pia."

"Basi nikikosewa nimwendee nani?"

Akacheka. Watoto wanaosoma siku hizi wanacheka sana simuni. "Mjomba, hebu kaulize kijiweni."

Nikauliza kijiweni. Nikaeleza vizuri, kwa Kiswahili, bila hata asilimia tano ya giza. Muuza kahawa akasema hiyo si habari, wanawake wanaijua siku nyingi. Dereva mmoja mstaafu akataka kujua Mfaransa huyo alilipwa kiasi gani. Lakini fundi cherehani aliinua kichwa. "Kwa hiyo anasema hata mimi ninayo?" Nikasema ndiyo, hata wewe. Kijiwe kizima kikanyamaza, kwa sababu ilikuwa imebaki wiki moja Idi ifike, na hakuna aliyekuwa pale ambaye kitambaa chake hakikuwa kwa fundi huyo. Waziri anaweza kukunyima barabara, ukapita pembeni. Fundi anaweza kukunyima kanzu asubuhi ya Idi. Nikamuuliza yangu imefikia wapi. "Mzee, tatizo umeme." Nikasema jana ulikuwepo. "Ulikuwepo, lakini mdogo mdogo." Hapo nikaona Foucault anazungumza nini, na nikakasirika upya: mamlaka yako kila mahali, na kila mahali yalipo, anayeyatumia anakuonyesha mwingine.

Nisipitwe na mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa, Louis Althusser, ambaye mpwa wangu alinitumia picha za kurasa zake nisome kabla ya kulala. Mwaka 1970 aliandika kwamba askari akiita barabarani, "Wewe, hebu!", na mtu akageuka, kugeuka kule ndiko kunakomfanya awe raia wa utii, amekubali kwamba anayeitwa ni yeye. Ni wazo zuri. Ila huyu bwana hakuwahi kusimama Kariakoo. Mgambo akiita pale, hakuna anayegeuka. Wachuuzi wanaondoka na meza zao.

Sasa nije kwenye ofisi, ambayo siitaji. Kuna hati yangu moja imedondosha herufi. Jina langu lina H, hati haina. Nimeishi na H hiyo tangu nizaliwe bila ugomvi, mpaka mahali fulani wakakataa kunihudumia kwa sababu majina hayalingani. Nikaenda dirishani.

Kwanza uione kaunta. Juu yake kuna kalamu moja ya wananchi, imefungwa kwa kamba ya katani, na kamba imepigiliwa msumari ubaoni. Kamba ni fupi. Ukitaka kujaza fomu lazima uiname mpaka paji la uso likaribie lile tundu la dirisha, kama anayerukuu, na ukishainama unajikuta umeanza na "samahani" kabla hujasema shida yako. Foucault ana aya nzima kuhusu namna watoto wa shule za Ufaransa walivyoelekezwa kukaa wakati wa kuandika, mpaka mguu wa kushoto utangulie kiasi gani chini ya meza. Nilipokuwa nasoma niliona ni upuuzi wa mtu aliyekosa kazi. Pale kaunta, nikiwa nimeinama na mgongo unalia, nilimwomba radhi.

"Jina limekosewa," nikamwambia karani.

"Halijakosewa. Mfumo ndivyo unavyosoma."

"Mfumo umelitoa wapi?"

"Liliingizwa."

"Aliliingiza nani?"

"Mzee wangu, si mtu. Ni mfumo."

"Na wa kurekebisha?"

"Mhusika."

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Ametoka kidogo. Pita wiki ijayo, ila uje na hati ya kiapo."

Hati ya kiapo maana yake niende kwa wakili, nilipe, niape kwamba mimi mwenye H na yule asiye na H ni mtu mmoja. Nikauliza je, yule asiye na H ataapa pia? Karani hakucheka. Foucault ameligusa hili vizuri mno: anasema mtihani na usajili vilimtia kila mtu kwenye maandishi, mtu mdogo ambaye zamani hakuandikwa popote akawa na faili, na faili likawa ndilo linalosema yeye ni nani. Nilielewa kwa nini mimi, mwenye sura, sauti na jasho, ndiye niliyetakiwa ushahidi, na karatasi haikuulizwa kitu.

Lakini ndipo ilipo kesi yangu. Karani yule hajasoma hata ukurasa mmoja wa falsafa, na ndiye mfuasi bora kuliko maprofesa wote. Ameshaamini kwamba mamlaka hayana mwenyewe. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyeamua, hakuna aliyechelewa. Kuna mfumo, na mfumo umegoma. Wenzake wa benki wanasema mtandao unasumbua. Wa umeme wanasema ni hitilafu. Wa maji wanasema ni pampu. Kila aliye ndani ya huo mtandao mkubwa wa Foucault amekaa kivulini, maana lawama ikigawanywa kwa watu wote hakuna anayebeba hata kilo. Nilimweleza mpwa wangu hivyo, kwa hasira kidogo. Akaniuliza, mpangaji wangu wa chumba cha uani akilalamika kuhusu choo huwa namwambia nini. Nikamwambia kwamba fundi hajaja. Akanyamaza. Nikamweleza kwamba hilo halihusiani na falsafa.

Usiku huo akanitumia kitu kingine, na safari hii kilikuwa kifupi. Kumbe tarehe 8 Februari 1971, miaka minne kabla ya kile kitabu, Foucault na wenzake wawili, Jean-Marie Domenach na Pierre Vidal-Naquet, walitangaza kikundi cha kukusanya habari za magereza. Serikali ilikuwa haiwaambii watu kinachoendelea ndani, nao hawakuwa na ruhusa ya kuingia. Wakafanya nini? Wakaenda kwenye foleni. Siku za kutembelea wafungwa walisimama nje na wake, mama na kaka waliokuwa wakisubiri lango lifunguliwe, wakawagawia maswali yaliyoandikwa. Hapakuwa na sentensi ya maneno 94. Chakula kikoje? Barua zinafika? Daktari anakuja? Selo zina baridi? Adhabu gani inatolewa, kwa kosa gani? Majibu waliyoyapata kwa siri wakayachapa mwaka huohuo katika kijitabu kuhusu magereza 20, na anwani waliyoitangaza kwa umma ilikuwa ya nyumbani kwa Foucault mwenyewe.

Nilisoma hayo, nikakaa kitandani. Mshtakiwa wangu alikuwa kwenye foleni! Huyu mwenye mamlaka-yako-kila-mahali alianza kwa kuuliza supu ya gereza lile lenye jina lile ina nini ndani. Hakukubali jibu la mfumo. Kwa hiyo kesi naiondoa nusu. Nusu inayobaki ni ya zile kurasa za katikati, na hiyo nitaendelea nayo mpaka kwa warithi wake.

Wiki iliyofuata nikarudi dirishani na hati ya kiapo. Nikaambiwa mhusika hayupo. Sikugomba. Nikatoa daftari, nikauliza kwa upole, neno moja moja. Mhusika anaitwa nani? Akataja. Ametoka tangu lini? Yuko masomoni, tangu mwaka jana. Nikaandika. Basi nani anakaimu nafasi yake? Karani akatazama kompyuta, akatazama kalenda ya ukutani, akamtazama mwenzake aliyekuwa anakula mihogo. Nikarudia swali.

"Mimi," akasema.

H imerudi mahali pake siku hiyohiyo, kabla ya saa sita. Nawe msomaji, ukiambiwa mhusika hayupo, uliza jina lake, ametoka lini, anarudi lini, na anakaimu nani. Na majibu uyaandike palepale mbele ya dirisha, kwa kalamu uliyokuja nayo mwenyewe, maana ile ya kwao kamba haifiki.